Mchanga kwanza, mtu baadaye

Jumamosi tulikuwa Ziwa Michigan, Marekani, kwenye boti yenye winchi, kujaribu nyambizi ya mtu mmoja ambayo jirani yangu ameichomelea mwenyewe gerejini kwake. Hakuingia mtu. Kitini tuliweka viroba vya mchanga vyenye uzito wake, tukafunga mfuniko, ikashushwa taratibu kwa kamba ya chuma hadi mita 30.

Utaratibu huu naupenda mno. Kila mita 10 za maji zinaongeza shinikizo la kama kilo moja kwa kila sentimita ya mraba. Mfuniko wenye kipenyo cha sentimita 50 ukifika mita 30 unakandamizwa na karibu tani 6! Bora chuma kikunjamane juu ya mchanga kuliko juu ya baba wa watoto.

Betri amezilaza chini kabisa, maana chombo kikishazama chote, kinachokizuia kisipinduke ni uzito kukaa chini ya kitovu cha nguvu ya kuelea. Kuhusu kasi hana papara: kuiongeza mara mbili majini kunadai nguvu ya mota kama mara 8, kwa hiyo mwendo wa mtu anayetembea unamtosha.

Ilipopanda nikaingiza kichwa na tochi. Magazeti tuliyotandaza sakafuni yalikuwa makavu, isipokuwa doa moja chini ya tundu la waya wa mota. Tundu hilo litazibwa upya, kisha viroba vinarudi kitini. Yeye asubiri.