Ujasiriamali chuoni: wanafunzi watoke wakauze kwanza

Kozi ya ujasiriamali siku hizi karibu kila mwanachuo anaisoma, awe wa uhandisi, uuguzi au ualimu, na mimi kama mwalimu wa hiyo kozi nafurahi sana, ila namna inavyofundishwa sehemu nyingi ndo inaniuma. Mwanafunzi anakariri sifa za mjasiriamali, anaandika andiko la biashara refuu lenye makadirio ya mauzo ya miaka mitano (biashara yenyewe hajauza hata kitu kimoja jamani), anaprezenti, anapata A, semesta imeisha na hajaongea na mteja hata mmoja.

Na sio kwamba hatuna pa kujifunzia. Harvard walianza kozi hii 1947. Chuo cha Babson kule Marekani kwa miaka mingi wamekuwa wakiwapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza mtaji, wanafungua biashara kwa vikundi na kuiendesha kweli kweli. Halafu kuna utafiti wa Togo uliotoka kwenye jarida la Science 2017, ulihusu wafanyabiashara wadogo 1,500, kundi moja likafundishwa yale ya kawaida, hesabu na masoko na nini, lingine likafundishwa kujiongeza, yaani kuona fursa mapema, kuanza bila kusukumwa, kutokata tamaa. Ukilinganisha na ambao hawakufundishwa chochote, faida ya waliofundishwa kujiongeza ilipanda asilimia 30, wale wengine 11 tu na hata hiyo 11 kitakwimu haikuwa ya uhakika. Sawa, hawa hawakuwa wanachuo, lakini mimi kwangu ujumbe uko wazi.

Sasa kujiongeza humfundishi mtu kwa slaidi. Wiki ya kwanza tu mpeleke akaongee na watu asiowajua, na hapo ndo kazi ya mwalimu inapoanza, sababu wengi hawajui kuuliza. Chukua mwanafunzi anayetaka kutengeneza programu ya kutafutia wenzake vyumba vya kupanga, atakwambia nimeuliza watu na wote wamesema wataitumia. Bila shaka watasema hivyo, nani atamvunja moyo mtoto wa watu? Mwambie aulize hivi: mara ya mwisho ulipataje chumba? Ilichukua muda gani? Ulimlipa nani na shilingi ngapi? Akirudi na majibu hayo utaona mwenyewe wazo linavyobadilika, pengine anagundua vyumba vipo tele, shida ni kodi ya kulipa kwa mkupuo.

Lingine ni hela. Mwanafunzi akiuza anahesabu yote aliyoshika kuwa faida, nauli hajatoa, vocha hajatoa, muda wake ndo kabisa, na waliokopa bado hawajalipa. Daftari la kila siku la kilichoingia na kilichotoka linamfungua macho kuliko lekcha yoyote ya uhasibu.

Najua madarasa ni makubwa na mitihani lazima itungwe. Basi tuwagawe vikundi, na alama nyingi ziende kwenye daftari na maelezo ya walichosikia kwa wateja, hata kama biashara yenyewe imekufa. Kikundi kilichopata hasara kikaeleza vizuri kwa nini, mimi nakipa alama za juu bila wasiwasi, na wenzangu mnaofundisha kozi hii naomba mjaribu hivyo semesta ijayo.