Njia Moja, Milango Mitatu

Mwezi uliopita mimi, mwongozaji wa watalii Mji wa Kale, Mombasa, nilipokea wageni watatu kutoka Poland, walimu wastaafu wa historia. Walianzia Kigali, wakapita Kampala, wakaja na treni kutoka Nairobi. Viza yao ni ile moja ya Afrika Mashariki: dola 100, siku 90, Rwanda, Uganda na Kenya, unaingia na kutoka utakavyo. Bibi mmoja alinionyesha pasipoti yake kama mtoto aliyefaulu mtihani.

Tulipomaliza Fort Jesus tukashika Ndia Kuu, tukaketi barazani kwa kahawa tungu na kashata. Hapo wakaniuliza: je, waweza kuifuata historia ya utumwa ya pwani hii, mahali kwa mahali?

Waweza. Shimoni, Kwale, kuna pango ambalo wenyeji husimulia kuwa watumwa walifungiwa humo wakingoja majahazi. Kengeleni, hapa kwetu Mombasa, ipo kengele ya Frere Town, makazi ya walioachiwa huru karne ya 19. Ilipigwa kuwaonya hatari ikija. Makondakta huita "Kengeleni! Kengeleni!" kutwa, abiria wakashuka bila kuitupia jicho. Kisha Rabai, Kilifi, misheni aliyoianzisha mmisionari Mjerumani Krapf mwaka 1846, ambako baadaye watoro wa utumwa walipata hifadhi. Kisa kimoja, kaunti tatu.

Basi tukaondoka. Foleni ya feri Likoni ilitula saa nzima. Gazi tukasimama kwenye daraja la mbao ambalo kina mama wamelijenga katikati ya mikoko. Maji yalikuwa yametoka, kaa wekundu wakikimbilia mashimoni kila ubao ulipolia. Kijiji hicho kimo katika mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza 2013, unaolipwa kwa hewa ukaa inayofyonzwa na mikoko, na fedha huenda kwenye maji na shule. Wageni wangu walikataa kuondoka. Wala hawakuwahi kusikia kwamba Gazi ipo.

Mbele kidogo, kwenye lango ambalo sitalitaja, kijana akanizuia. "Mzee wangu, wageni waingie, wewe subiri hapa. Tuna waongozaji wetu." Leseni yangu nikairudisha mfukoni, nikakaa chini ya mwarobaini. Simlaumu. Naye anatafuta riziki, na hakuna makubaliano yoyote kati ya watu wake na sisi wa Mji wa Kale.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo Jumuiya ya Kaunti za Pwani, umoja wa serikali za kaunti zetu, ingetufaa. Kaunti sita zimo ndani yake, kuanzia Lamu hadi Taita Taveta. Kwale haiwezi kuuza Rabai, na Kilifi haitachapisha picha ya pango la Shimoni. Jumuiya yaweza. Tikiti moja ya milango mitatu, mapato yagawanywe kwa idadi ya walioingia. Mwongozaji wa nje aingie na wageni wake, mwenyeji asimulie na alipwe fungu lake. Semina za hoteli kubwa tumeshahudhuria. Mikoba yake ndiyo tunayobebea samaki sokoni.

Nchi tatu zimekubaliana viza moja, sisi majirani tunashindwa na tikiti?

Usiku ule yule bibi akaniomba ramani awapelekee wenzake. Nikamchorea kwa kalamu nyuma ya karatasi ya mabuyu: Rabai juu, Kengeleni katikati, Gazi. Shimoni niliiandika kwa herufi ndogo pembeni, karatasi ilikuwa imeniishia.