Binti yangu na chama cha udugu chuoni

Mwaka jana binti yangu, aliyekuwa mwaka wa kwanza katika chuo kimoja hapa Marekani, alinipigia simu kuniambia kwamba anataka kujiunga na chama cha udugu cha wasichana (sorority), yaani kikundi cha wanachuo wanaochukuliana kama ndugu. Mimi niliyesoma Kenya, ambako chama cha wanafunzi kilimaanisha siasa na migomo, nilikubali bila kuuliza swali hata moja. Hesabu ilipokuja ndipo nilipozinduka: ada ya kujiunga na michango ya kila muhula, yote nje ya karo.

Sivilaumu vyama vyote. Alpha Kappa Alpha, kilichoanzishwa na wanafunzi Weusi katika Chuo Kikuu cha Howard mwaka 1908, ndicho alichojiunga nacho Kamala Harris, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Marekani, na udugu wake hauishii kwenye mahafali.

Kilichoninyima usingizi ni mateso ya kuwapokea wanachama wapya, ambayo yanafanana na yale tuliyowafanyia mamono, yaani wanafunzi wapya wa kidato cha kwanza, bwenini (nami sikuwa malaika), ila huku vijana wamewahi kufa kwa kulazimishwa kunywa pombe. Sheria ya shirikisho iliyotiwa saini Desemba 2024 inavitaka vyuo vitangaze hadharani vyama vilivyopatikana na hatia ya vitendo hivyo, nami nilisoma taarifa ya chuo chake neno kwa neno kabla ya kulipa.

Nilipomuuliza wanafanya nini usiku wa kupokelewa, alinijibu, “Mama, ni siri.” Nikamwambia nyimbo na ishara zao wazifiche watakavyo, lakini akilazimishwa kunywa chochote anipigie saa ile ile.