Misalaba ya Barabara ya 93

Msalaba wa kwanza niliuona tukiwa hatujafika mbali na mji wa Missoula, nikadhani watu wa Montana, jimbo hili la Marekani, wanazikana barabarani. Ulikuwa mdogo, wa chuma, mweupe, umesimikwa juu ya nguzo nyekundu. Baada ya kona ukaja mwingine. Kisha nguzo moja yenye misalaba mitatu. Nikamuuliza mwenyeji wangu hapa palipiganwa vita gani.

"Si vita, Mwalimu. Ni motokari. Kila mutu mwenye alikufa, musalaba mumoja."

Mwenyeji wangu ni Mkongo wa Fizi. Nilimfundisha Kiingereza jioni enzi za kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na hajawahi kuniita kwa jina lingine. Missoula ilianza kupokea familia za Wakongo mwaka 2016, naye akaangukia huko na mkewe, leo ana watoto wanaocheka Kiswahili changu. Miaka yote hiyo alikuwa akinisihi niende kumtembelea. Nilipostaafu nikakubali, na nauli ikala kiinua mgongo changu bila huruma. Siku nne za mwanzo nazipita: nililala, niliona baridi, nikalala tena. Siku ya tano, Oktoba hiyo, akaniambia twende kaskazini nikaone ziwa Flathead ambalo, kwa maneno yake, ni Tanganyika tupu.

Nilipopanda gari, kabla hajawasha, akasema, "Mwalimu, mukanda."

Niliudhika kidogo, nakiri. Kwetu Kasulu, Tanzania, mkanda tunauvuta tukiona shati jeupe la trafiki kwa mbali, tukishampita tunauachia. Sasa mwanafunzi wangu ananiamrisha kama mtoto. Nikaufunga nikiwa nimenuna.

Yeye huendesha gari la hoteli, anabeba wageni kutoka uwanja wa ndege, kwa hiyo habari za barabara za jimbo lile anazo kichwani kama shairi. Misalaba, akasema, ilianzishwa na chama cha wanajeshi wastaafu, tawi la papo hapo Missoula. Mwaka 1952, katika mapumziko ya Sikukuu ya Wafanyakazi, watu sita walikufa barabarani eneo lile. Mwaka uliofuata wakaanza kusimika msalaba kila palipofia mtu, dereva apite, aone, apunguze mwendo. Hawajaacha hadi leo.

Mwendo wenyewe ulinichanganya. Kibao kiliandikwa 70, nikafurahi kwamba hawa ni watu wapole. Kumbe ni maili. Ni karibu kilomita 113 kwa saa, kwenye barabara ya njia mbili, lori la magogo likija mbele yako. Kwenye barabara kuu za jimbo hadi jimbo wanaruhusu 80, yaani karibu kilomita 129. Na hiyo ni nafuu. Kuanzia mwisho wa 1995 hadi 1999, gari dogo likienda mchana halikuwekewa namba yoyote. Sheria ilimtaka dereva aende kwa mwendo wa busara. Busara ya nani? Majaji wa mahakama ya juu ya jimbo nao walijiuliza hivyo hivyo, wakaitupa sheria hiyo mwaka 1998.

Tukaingia nchi ya Wasalish na Wakootenai, wenyeji wa asili wa huko, nikafurahi kuona vibao vimeandikwa kwa lugha zao. Hapo barabara ina uzio pembeni, na karibu na Evaro kuna daraja linalopita juu yetu, limeota nyasi na miti. Si la watu. Ni la dubu na kulungu kuvukia. Wenyeji wale, serikali ilipotaka kupanua barabara, walishika msimamo kwamba barabara ni mgeni katika nchi yao, na mgeni lazima awe na adabu. Kwa hiyo zikajengwa njia za wanyama zaidi ya 40, nyingi chini ya lami. Nilicheka peke yangu nikiwafikiria watoto wa shule kwetu wanaovuka kwa kukimbia, mmoja akishika mkoba wa mwenzake.

Kabla ya Ronan, penye vidimbwi vingi na bata wengi, uzio ukaisha. Jua lilikuwa limezama nyuma ya vilima, mwanga umebaki kidogo juu ya theluji ya milima ya upande wa kulia. Nilikuwa nasimulia habari za bei ya mchele Kasulu. Kulungu akatoka kushoto.

Sikumwona akija. Niliona jicho, kisha mwili mzima hewani, nami nikapiga kelele, "Mkwepe!" Kijana hakumkwepa. Alishika usukani kwa mikono miwili, akakanyaga breki mpaka gari likalia, akamgonga katikati. Boneti ikakunjamana, kioo kikapasuka kama utando wa buibui, mkanda ukanibana kifua hadi pumzi ikakatika. Kisha kimya. Taa moja ilikuwa bado inawaka, inamulika majani. Na kwenye ukingo wa mwanga huo, hatua chache kutoka tuliposimama, nguzo nyekundu yenye misalaba miwili.

Tulikaa pale dakika arobaini tukisubiri polisi, kwenye baridi ambayo koti la mtumba la Kigoma haliijui. Nilikuwa na muda mwingi wa kuitazama ile nguzo. Mtu alikuwa ameifunga maua ya plastiki, yamepauka. Kijana wangu alikuwa anatetemeka, nikamshika bega, nikamwambia pole, naye akaniambia pole, tukabaki kupeana pole kama msibani.

Polisi alikuwa mtu mzima, mpole. Alimnusa dereva kwanza, kwa adabu, akiuliza kama amekunywa. Ana haki kuuliza: kwa vifo vyao vya barabarani, karibu viwili katika kila vitano kuna dereva mlevi, na hadi 2005 sheria ya jimbo haikumkataza mtu kuendesha akiwa na chupa ya bia wazi mkononi, mradi asilewe. Kisha akatumulika mabegani kutafuta alama ya mkanda. Akasema vizuri. Huko mkanda ni sheria, ila polisi haruhusiwi kukusimamisha kwa kosa hilo peke yake, na wengi wa wanaokufa ndani ya magari huwa hawajaufunga. Mwaka 2021 walikufa barabarani watu 239, na jimbo zima lina watu milioni 1.1 tu. Mkoa wetu wa Kigoma una watu zaidi ya mara mbili yao.

Alimsifu kijana kwa kutokwepa. Ukimkwepa kulungu, akasema, unakwenda mtaroni au unakwenda kwenye lori, na yeye kulungu anaendelea na safari. Nikatazama chini, maana aliyepiga kelele ni mimi. Nikamuuliza wale wawili wa kwenye nguzo walikwepa? Alisema hajui, hakuwepo. Msalaba hauelezi sababu.

Gari la kuvuta lilitutoza dola 280. Hoteli mjini Polson, chumba chenye harufu ya sigara za zamani na zulia lenye madoa, dola 140. Jumla nilipiga kwa shilingi, ikapita milioni moja, nikaacha kupiga hesabu. Asubuhi nikaliona ziwa. Ni zuri, ila Tanganyika si hilo, ng'ambo unaiona.

Usingizi haukuja usiku ule. Nilimwaza mdogo wangu, aliyekufa mwaka 2009 kwenye Hiace kati ya Kibondo na Kasulu. Kwetu sababu tuliipata siku hiyo hiyo, redioni, kwa maneno yale yale ya siku zote: chanzo ni mwendokasi na uzembe wa dereva, na dereva ametoroka baada ya ajali. Msibani wazee wakaongeza yao, kwamba ajali haina kinga. Sababu tunazo tele. Lakini mahali sikuwahi kupaona. Maiti tuliifuata hospitali, tukaizika, na barabara ile nimeipita mara zisizo na idadi, nikiwa nimefumba macho au nikinunua ndizi dirishani, bila kujua ni wapi.

Niliporudi nilikwenda kwa shemeji, nikamkuta anachambua maharage. Nikampa zawadi zake, nikazunguka zunguka, mwisho nikauliza.

"Waliniambia ni penye mwembe, Baba Mkubwa wa watoto," akasema. "Mwembe mkubwa, kabla ya kushuka kwenye mto."

Tukapanda basi Jumamosi, yeye na mimi, tukakaa upande wa kushoto. Barabara siku hizi ni lami, safi, kona nyingine zimenyooshwa. Tulishuka mara mbili kwenye miteremko ya mito. Mwembe hatukuuona. Mzee mmoja muuza mkaa alituambia ilikuwepo michache, ikakatwa walipokuja na magreda.