Mpaka Singida hakuna aliyechapwa

Februari 2023 bi mkubwa, mama yangu mzazi, alikuwa kaja Dar kutoka Mwanza kupimwa macho, anakaa kwetu Tabata, na dogo, mwanangu, alikuwa darasa la tano. Jumatatu tarehe 13 Waziri wa Elimu akatangaza vitabu 16 marufuku mashuleni, vinaenda kinyume na mila, desturi na maadili yetu, na sisi wazazi tukague mabegi ya watoto. Wala sikushtuka, nikajua ni mambo ya watu wengine huko. Kesho yake orodha ikatupwa kwenye grupu la WhatsApp la wazazi, naisoma huku nakunywa chai, mara nakutana na Diary of a Wimpy Kid. Kikombe nikakiweka chini. Hicho nilinunua mimi! Tena viwili, na nilibishana bei na muuzaji mpaka akanitolea buku mbili.

Huko kwenye grupu, mmoja kaandika asante serikali, mwingine kaweka mikono ya kuomba kama kumi hivi, afu mama mmoja akauliza samahani wapendwa, hivi vinapatikana wapi, nataka nivikague vizuri kabla mwanangu hajaviona. Admini akafunga grupu.

Jioni nikakagua begi kama nilivyoagizwa na taifa. Nilikuta nusu chapati, soksi moja ambayo sio yake, rula iliyokatika, na vile vitabu viwili chini kabisa. Dogo ananiangalia tu. Kitabu cha kwanza alikuwa amekunja kona ukurasa wa tisa, na hiyo kona ilikunjwa tangu Krismasi, maana huyu mtoto kusoma kwake ni mpaka umuahidi chipsi. "Baba, kwani kina nini?" Nikafungua mdomo nimjibu, nikajikuta sina jibu, maana nilikinunua bila kukisoma na sasa nakinyang'anya bila kukisoma. Nikamwambia subiri, nikisome kwanza.

Basi usiku nikakaa sebuleni nautafuta uovu. Kitabu chenyewe kina michoro mingi kuliko maneno, kuna kitoto cha Kimarekani kinaitwa Greg, kivivu, kiongo, kinajiona kitakuwa maarufu siku moja, na kina rafiki mpole anaitwa Rowley ambaye kinamwonea kila siku. Shuleni kwao kuna kipande cha jibini kimeozea uwanjani, ukikigusa unakuwa na mkosi mpaka umguse mwenzako umhamishie. Hapo nikacheka kwa sauti, maana sisi darasa la nne tulikuwa na yetu ya hivyo hivyo, ila ya kwetu ilikuwa chura aliyekauka. Mke wangu akatokea mlangoni, "We baba, unacheka nini saa saba usiku?" Nikamwambia nakagua.

Kwenye orodha kuna vingine vya mambo ya jinsia, hivyo sijavisoma na ndo maana navinyamazia. Ila hiki nimekisoma mpaka mwisho, na kama kumdanganya mama yako na kumkwepa kaka yako ni kinyume na mila zetu, basi mimi na ndugu zangu wote tulitakiwa tupigwe marufuku miaka ya themanini.

Asubuhi nikamhadithia bi mkubwa. Yeye ni mwalimu mstaafu, nikategemea atasimama na serikali. Alicheka mpaka akavua miwani mipya. Akasema, "Baba, wewe unaijua Rosa Mistika?" Nikamwambia mama, tumeisoma shule, tumechambuliwa dhamira na wahusika mpaka tukaichukia. Akasema, enhe, mwenzio niliisoma vipande.

Ile riwaya ya Kezilahabi ilitoka 1971, mwanzoni ikapigwa marufuku mashuleni kwa sababu ya mambo ya mapenzi yaliyomo, na bi mkubwa wakati huo alikuwa binti wa bweni, shule ya wasichana huku Kanda ya Ziwa. Na Kezilahabi alikuwa mtu wa Ukerewe, na Rosa mwenyewe katolewa Ukerewe, kwa hiyo kwa wale mabinti ilikuwa ni kama kuzuiwa kusoma habari za jirani. Kitabu kiliingia bwenini kimoja tu, wasichana zaidi ya thelathini wanakisubiri. Wakakata uzi wa katikati, wakakigawa vipande vitano, kila kipande kikavishwa jalada la daftari la hesabu. Wewe unasoma kilichokufikia, bahati yako. Bi mkubwa alianza na mwisho, akajua Rosa anafia wapi kabla hajajua kazaliwa wapi, wiki mbili baadaye akapata mwanzo. Kipande cha katikati kilikuwa zamu yake Jumamosi. Ijumaa matroni akapekua vitanda.

"Katikati niliisoma kwenye nakala yako," akaniambia, "ile uliyopewa na mwalimu uje nayo likizo." Kumbe! Nakumbuka ile likizo kitabu kilipotea siku tatu na mimi nikachapwa kwa uzembe.

Afu akasema kitu ambacho mwalimu wangu wa fasihi hakuwahi kukisema kirahisi hivyo. Kwamba kitabu kinahusu binti aliyebanwa na baba yake mpaka barua ya mvulana ikawa ni kipigo, akifika mbali na nyumbani hajui hata pa kushika breki. Na matroni anakitafuta hicho hicho kitabu chini ya godoro. "Tungempa akisome na yeye," akasema, "ila tulimuogopa."

Baada ya hapo akaomba miwani yake ijaribiwe kwenye kitabu cha dogo.

Shule ilitaka vitabu virudishwe Ijumaa. Kati ya Jumanne na Alhamisi mwanangu, yule wa ukurasa wa tisa, alimaliza cha kwanza chote, kwa tochi ya simu ya mama yake, chini ya shuka, na anadhani hatukumuona. Bi mkubwa alikuwa na cha pili. Chakula cha usiku kikawa na uchambuzi. "Huyu mtoto nimefika kakimbilia chooni anamkwepa kaka yake, kumbe cha wanawake." Dogo anamaliza sentensi, wanacheka wote wawili, mke wangu ananiangalia mimi kama nimewaleta wahuni nyumbani. Nikamuuliza bi mkubwa, kama mwalimu, kosa la hiki kitabu ni nini? Akafikiri vizuri kabisa. "Kosa ni moja. Huyu mtoto hachapwi."

Ijumaa dogo alirudisha kimoja. Cha pili kilitafutwa nyumba nzima, chini ya makochi, nyuma ya friji, na aliyetafuta kwa bidii kuliko wote ni bi mkubwa. Jumapili alfajiri nikampeleka Mbezi stendi, nabeba begi lake la mkononi, naona mbona zito na ndani ni khanga mbili tu, akaninyang'anya akaliweka mapajani mwenyewe.

Jioni simu ikaita. Nikajua basi limeharibika.

"Baba, tupo Singida. Na mpaka hapa hakuna aliyechapwa."