Shombo na macho yake yaliyogandana

Msimu wa karafuu uliopita paka wetu alizalia stoo, nyuma ya magunia, hapa kwetu Wete. Watoto walikuwa watatu. Sikuwashughulikia, maana nyumba yenyewe ilikuwa haikaliki: karafuu zimetandazwa mikekani uani, kila wingu likipita tunakimbilia kuanua, na usiku kucha tunachambua. Mama yao alikuwa akipiga chafya. Nilimsikia mara nyingi, nikasema ni vumbi la karafuu.

Walipofika kama wiki tatu, mwanangu wa miaka minane akaja mbio na mmoja kiganjani. "Mama, huyu kashindwa kufumbua macho." Kweli, macho yote mawili yalikuwa yamegandana kwa matongo ya manjano, yamekauka mpaka yamekuwa kama gamba. Pua imeziba, anapumua kwa mdomo. Wenzake wawili walikuwa na machozi tu. Watoto wa paka hufumbua macho kati ya siku ya saba na ya kumi na nne, na huyu alishafumbua zamani, kwa hiyo nilijua huu ni ugonjwa, si uchanga.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo mpaka leo linaniuma. Kabatini kulikuwa na chupa ya matone ya macho aliyoandikiwa mume wangu, imebaki nusu. Nikamlowesha, nikamfumbua, nikamtia. Kesho yake wekundu umepungua, nikashukuru Mungu, nikaendelea. Siku ya tatu nikaona kwenye jicho la kushoto, juu ya mboni, kiwingu cheupe ambacho hakikuwepo.

Mavyaa wangu akaniita. "Mkamwana, hiyo dawa ya watu iache. Mwombe wifi yako maziwa kidogo umkamulie machoni, ndivyo tulivyofanya sisi." Wifi yangu alikuwa amejifungua karibuni. Sikutaka kumvunjia heshima, na najua anasema kwa huruma. Nikamwambia, "Sawa mama, lakini nipe ruhusa nimpeleke kwanza kwa bwana mifugo, maana hiki kiwingu kinanitia hofu." Akanyamaza kidogo, akasema, "Nenda, mwanangu. Tumesomeshwa chuoni habari za yule mwanamke aliyemfungia paka asimpe chakula. Usije ukaulizwa."

Nikamtia kwenye kikapu cha ukili, nikapanda gari kwenda Chake Chake.

Daktari, mtu mzima mpole, hata hakumgusa kwanza. Aliuliza, "Umemtia nini?" Nikatoa ile chupa. Akasoma maandishi yake, akatikisa kichwa: ndani yake mlikuwa na deksamethazoni. Akanieleza kwamba dawa za namna hiyo hutuliza uvimbe, ndiyo maana wekundu uliondoka, lakini papo hapo hupunguza nguvu ya mwili kujikinga. Jicho likiwa na mchubuko, au kuna virusi, mchubuko unapanuka badala ya kupona. Paka wadogo wenye macho ya namna hii wengi wao huwa na mafua ya paka, na kirusi kimojawapo, cha jamii ya hapesi, hushambulia konea, kile kioo cha mbele ya jicho.

Alikuwa na vikaratasi vyembamba vyenye rangi ya chungwa, alivyopewa na mwenzake wa kitengo cha macho. Alikilowesha kimoja, akakigusisha ndani ya ukope, akammulika kwa tochi. Jicho la kulia likasafika. La kushoto likabakisha doa la kijani kibichi, dogo kama kichwa cha pini. Hapo ndipo palipochubuka, ndiyo maana rangi ilishika. Nililia pale pale, na mwanangu akanishika mkono.

Kuhusu zile chafya, akanieleza kwamba paka mkubwa aliyewahi kuugua hapesi hukaa nayo mwilini maisha yake yote. Akichoka, kwa mfano kwa kuzaa na kunyonyesha, inaamka, na anawapa watoto anapowalamba. Binadamu hatuipati hiyo, ila kunawa mikono ni lazima, kwa sababu mikono yetu ndiyo inayohamisha matongo kutoka kwa mgonjwa hadi kwa mzima.

Dawa aliyoniandikia ilikuwa ya kawaida kabisa: mafuta ya tetrasaiklini ya asilimia 1, kile kijityubu wanachopakwa watoto wachanga wakizaliwa, na ambacho wazee wanakijua kwa ule ugonjwa wa macho wa vikope. Hayaui virusi. Yanazuia bakteria wanaoingia nyuma ya virusi, na hao ndio wanaoleta usaha wote ule. Mara nne kwa siku, na nisiache hata macho yakionekana mazuri mpaka zipite siku kadhaa.

Kazi ngumu haikuwa dawa, ilikuwa kusafisha. Nilichemsha nusu lita ya maji na kijiko kimoja cha chai cha chumvi, cha kusawazisha, nikayaacha yapoe yawe vuguvugu. Namviringisha Shombo (mwanangu alishampa jina hilo, kwa sababu alinuka samaki tangu siku ya kwanza) kwenye kipande cha kanga, kichwa tu nje. Nachovya pamba, naiweka juu ya jicho, nasubiri. Usilivute gamba likiwa kavu, litaondoka na ngozi na manyoya. Dakika mbili, tatu, lenyewe linalainika, kisha nafuta kutoka pembe ya puani kwenda nje, mara moja, pamba naitupa. Jicho la pili, pamba nyingine. Mafuta nilimpaka nikiwa nyuma yake, mgongo wake kifuani kwangu, maana ukimjia kwa mbele anaona kidole kinamwendea na anapigana. Navuta ukope wa chini, naweka kiasi cha punje ya mchele, ncha ya tyubu isiguse jicho.

Siku mbili za mwanzo ile ngozi nyeupe ya ndani, ambayo paka anayo zaidi yetu sisi, ilivimba ikafunika nusu ya jicho. Jirani akasema jicho limezama, basi tena. Halikuzama, lilikuwa nyuma ya ile ngozi, na siku ya nne ikaanza kurudi.

Kula ndiko kulikonitisha zaidi. Paka asiponusa hali, na pua ya Shombo ilikuwa imeziba. Hata kunyonya aliacha, anamwacha mama yake amelala ubavu, yeye anajikunja pembeni. Nilikuwa nampima kwenye mizani ya dukani kwa jirani: gramu 290, na siku ya pili 285, wakati mtoto wa paka mzima huongezeka kama gramu kumi kila siku. Daktari alikuwa ameshanikataza maziwa ya ng'ombe, yanaharisha. Nikamfukizia mvuke chooni, mlango umefungwa, bakuli la maji ya moto mbali naye, kisha nikachemsha samaki, changu, nikamtoa miba yote, nikampondaponda na supu yake akiwa bado na joto ili harufu ipande. Nikampaka kidogo kwenye mdomo. Akalamba. Nikapaka tena, akalamba. Siku ya tano mizani ilisoma 300, na usiku ule akarudi kunyonya.

Kisanduku chao nilikihamisha. Kilikuwa karibu na jiko, na moshi wa makumbi unawachoma macho hata wazima. Wale wengine wawili nao niliwapaka mafuta, kila mmoja na tyubu yake, wakapona kabla hawajagandana.

Jicho la kulia lilisafika kabisa siku ya kumi. La kushoto mchubuko ulifunga, lakini limebaki na doa jeupe, kovu. Mwanga anauona. Kitu kikimjia kwa upande huo anageuza kichwa kwanza ndipo anakirukia. Mavyaa wangu, ambaye sasa ndiye anayelala naye miguuni, humwita kwa upande wa kulia.

Ile chupa ya matone nimeitupa, na ile tyubu pia, maana ikishafunguliwa mwezi mmoja haifai tena. Mama yake Shombo ana mimba nyingine. Daktari amekubali kumfunga kizazi hawa watakaozaliwa wakishaacha kunyonya. Safari hii kisanduku kipo chumbani kwangu, na kuanzia siku ya saba nitakuwa nawaangalia kope asubuhi na jioni. Kope ikivimba kabla jicho halijafumbuka, usaha umejaa ndani, na hapo sitangoja hata siku moja.