Tulivyokihamisha kituo chetu cha mazingira

Mei 2020 niliingia kituoni na gambuti, maji ya Ziwa Victoria yakanifika magotini pale wanafunzi walipozoea kukaa. Mwezi huo ziwa lilipita hata kipimo cha 1964, kilichokuwa cha juu kuliko vyote hadi hapo. Jengo lenyewe, hapa kando ya kinamasi cha Dunga, Kisumu, lilikuwa limechoka zamani: nguzo zimeliwa na mchwa, mabati yameota kutu.

Wenzangu katika kamati walisema tungoje maji yapungue, tujenge palepale. Sikuwa na hoja ya kuwapinga, basi nikamwendea mzee mmoja aliyevua hapa tangu utotoni.

"Mzee, mwaka wa sitini na nne maji yalifika wapi?"

Alichukua fimbo yake, tukatembea hadi kwenye mkuyu. "Hapa ndipo baba alipofunga mtumbwi." Kisha akaniambia jambo lililonikaa moyoni: "Na hayakuondoka upesi. Nilioa, nikazaa, bado ziwa liko juu."

Kesho yake nikaja na mzee mwingine, bila kumwambia mwenzake alisimama wapi. Naye akasimama hatua chache tu kutoka mkuyu ule. Nikapigilia kigingi, nikaiita kamati ije ione. Hakuna aliyetaja tena kungoja.

Tathmini ya athari kwa mazingira ikapelekwa NEMA, mamlaka ya serikali inayosimamia mazingira, michango ikakusanywa. Tulijenga kwenye kiinuko kilicho juu ya mkuyu, na bado sakafu tukaiweka juu ya nguzo za zege zinazofika kiunoni. Mabati yaliyokuwa mazima yakaezeka choo.

Lililobaki lilikuwa mafunjo. Fundi alitaka kuyafyeka ili wageni waone ziwa vizuri. Mimi nayapenda mafunjo yale. Ndiyo yanayochuja maji machafu kabla hayajaingia ziwani, na ndiko anakojificha nzohe, swala wa kinamasi mwenye kwato ndefu. Nikamwomba fundi aje alfajiri. Tulikaa kimya kwenye mtumbwi mpaka akatokea ndege mweusi mgongoni, mwekundu kifuani, utosi wa manjano. Nikamweleza kwamba huyu makao yake ni mafunjo, yakifyekwa hana pa kwenda. Hakunijibu. Jioni alileta mchoro mpya, dirisha kubwa likielekea mafunjoni.

Kigingi cha mkuyuni hatukuking'oa. Tulikipaka rangi nyekundu, na watoto wa shule wakija tunaanzia pale: wanasimama, wanageuka, wanalitazama ziwa.